Uzi: Barua ya chuo cha ng'ambo unayo, viza huna. Hapo katikati chuo kinakushikaje mkono?

MwalimuWaBuru (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Eastlands, na kwa miaka 11 nimekuwa nikisimamia mambo ya vyuo na taaluma shuleni kwetu. Wanafunzi wengi huenda wanakopangiwa na KUCCPS, taasisi ya serikali inayowagawia wanafunzi vyuo. Kila mwaka lakini huwa nina wachache wanaotafuta nafasi ng'ambo, na hao ndio wananinyima usingizi siku hizi.

Jumamosi iliyopita niliwapeleka watano kwenye maonyesho ya vyuo Westlands. Kila meza ilikuwa na kijana mchangamfu, kalamu za bure, mfuko wenye nembo na karatasi ya kuandika jina na nambari ya simu. Tulizunguka kuanzia saa nne hadi saa nane. Nilikuwa nasubiri mtu wa chuo alitaje neno viza kabla yetu. Wawili tu walilitaja. Kwingine kote niliuliza mwenyewe, na jibu halikubadilika: "Hilo ni la ubalozi, mwalimu. Yetu ni kumpa nafasi."

Jibu hilo ndilo limenifanya nianzishe uzi huu, maana si kweli. Uingereza huwezi kuomba viza ya masomo bila CAS, yaani uthibitisho kwamba chuo kimekupokea, na CAS inatolewa na chuo. Marekani huwezi kuingia ubalozini kwao Gigiri kuhojiwa bila I-20, fomu inayothibitisha nafasi yako, nayo inatoka chuoni. Kanada tangu 2024 waombaji wengi wanatakiwa kuwa na barua ya uthibitisho ya mkoa, na njia ya kuipata inapitia chuo. Chuo kimo ndani ya viza yako tangu siku ya kwanza. Kikisema hayakihusu, jua kimeshaamua kwamba mambo yakiharibika utabaki peke yako.

Kwa hiyo ninachowaomba wazazi na vijana ni hiki: kipimeni chuo kwa kinachofanya baada ya kutuma barua ya kukupa nafasi. Kabla ya barua, vyote ni vitamu.

Nilijifunza hili nyumbani. Binti ya dada yangu, ambaye kwetu ni binti yangu, alipata nafasi ya shahada ya uzamili Uingereza kwa Septemba 2024. Alipitia kwa ajenti mmoja wa katikati ya jiji. Dada yangu anauza nguo Gikomba; alikopa kwenye chama, akauza kiploti alichokuwa amenunua kwa miaka sita, wakalipa malipo ya kwanza ya karo. Pesa za matumizi zikawekwa kwenye akaunti ya mjomba, kwa sababu mjomba ndiye mwenye biashara kubwa na taarifa yake ya benki inapendeza macho.

Kumbe kwa viza ya mwanafunzi ya Uingereza, akaunti inatakiwa iwe ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi, au ya mlezi wa kisheria. Mjomba hahesabiki, hata awe amekulea kwa mapenzi namna gani. Ajenti hakusema. Chuo hakikusema. Akanyimwa viza.

Wadau, kabla ya kunyimwa yule mtoto alikuwa akipokea ujumbe wa chuo mara tatu kwa wiki, jina lake likiwa juu kabisa. Picha za maktaba, video za mabweni, "tunakusubiri kwa hamu". Baada ya kunyimwa, ukimya. Tuliandika barua pepe sita. Iliyojibiwa ilijibiwa na mashine. Malipo ya kwanza yalirudi baada ya miezi 7, yakiwa yamekatwa ada ya ofisi. Ada ya afya ya serikali yao ilirudishwa kwa utaratibu wake, lakini pauni 490 za viza hazirudi. Dada yangu hakuwahi kulaumu mtu kwa sauti. Aliendelea tu kuamka saa tisa usiku kwenda kufungua beli.

Mwaka uliofuata akaomba chuo kingine, kidogo, kaskazini mwa Uingereza. Hawa hawakuchukua hata senti kwanza. Mama mmoja wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa alimpigia kwa video, akamuuliza kwa dakika 40: hizi pesa ni za nani? Zimekaa benki tangu lini? Kwa nini kozi hii na si ile ya Nairobi? Ukimaliza unarudi kufanya nini? Binti yangu alitoka kwenye simu ile akilia, akidhani ametukanwa. Kesho yake ikaja barua pepe iliyoandikwa kwa mkono wa mtu, inaeleza: hamisheni pesa ziende akaunti ya mama, zikae siku 28 bila kushuka chini ya kiwango, ambatanisheni cheti cha kuzaliwa na barua ya mama ya kuridhia. Alisafiri Septemba 2025.

Chuo cha kwanza kilikuwa na jina kubwa kuliko cha pili. Mniambie yenu.

BabaWawili_Kasarani

Asante mwalimu, umenigusa. Mimi kijana wangu alihojiwa hivyo hivyo na chuo, akanyimwa CAS kabla hata ya kufika kwa serikali. Nilikasirika sana. Nikajiuliza, hawa wanataka pesa zetu au hawazitaki? Kwa nini chuo kinageuka kuwa afisa wa uhamiaji?

NipoManchester

Baba, salamu. Nimesoma Nairobi, na sasa ni mwaka wa nne nafanya kazi kwenye ofisi ya usajili wa wanafunzi huku. Acha nikueleze kutoka ndani.

Chuo cha Uingereza kinachopokea wanafunzi wa kigeni kina leseni, na leseni hiyo inapimwa kila mwaka. Kipimo kimoja ni wangapi kati ya waliopewa CAS wamenyimwa viza. Kwa miaka mingi sharti lilikuwa chini ya asilimia 10. Waraka wa serikali wa Mei 2025 kuhusu uhamiaji ukasema ishuke iwe chini ya asilimia 5. Pia walioandikishwa wafike angalau asilimia 95, na wanaomaliza kozi angalau asilimia 90.

Piga hesabu hiyo kwa mkono. Chuo kikitoa CAS 100, zamani kingeweza kuvumilia waliokataliwa 9. Sasa wanne tu. Mmoja akiwa na akaunti ya mjomba, mwingine ameshindwa kueleza kozi yake, mwingine taarifa ya benki ina utata, chuo kimefika ukingoni. Ndiyo maana wanahoji kabla ya CAS. Ndiyo maana mwishoni mwa 2025 vyuo kadhaa vilisitisha kupokea maombi ya Pakistan, na vingine ya Bangladesh pia. Kenya haijafika huko, na naomba tusifike, kwa sababu ajenti mmoja wa Nairobi akipeleka karatasi za uongo 20, mtoto wa mtu mwingine mwenye karatasi safi ndiye anayefungiwa mlango.

Kwa hiyo maswali makali si matusi. Cha kuchunga ni kimoja: wakikukataa, wamekueleza kosa liko wapi? Ofisi yetu tunalazimika kuandika sababu na kumpa mtu nafasi ya kusahihisha. Kuna ofisi zinaandika tu "hatuwezi kuendelea", basi. Kijana wako alipewa sababu?

BabaWawili_Kasarani

Hakupewa. Mstari mmoja tu.

NipoManchester

Basi andika uiombe. Taja nambari ya ombi, sema unaomba sababu ili asahihishe kabla ya muhula wa Januari. Wengi hujibu ukiomba hivyo. Na angalia kiwango cha pesa, maana kilipanda tena Novemba 2025: nje ya London ni pauni 1,171 kwa mwezi, ndani ya London 1,529, hadi miezi 9. Nje ya London hiyo ni pauni 10,539 juu ya karo iliyobaki. Mkituma kiwango cha mwaka jana mnakataliwa kwa tofauti ndogo inayouma.

Halafu harambee. Najua sisi tunachangishana, na ni jambo jema, lakini pesa ya harambee huingia kwenye akaunti kama mvua ya siku moja. Fanyeni harambee mapema. Au zaidi, karo iliyochangwa ilipwe moja kwa moja chuoni. Kiasi kilicholipwa kinaandikwa kwenye CAS na kinapunguzwa kwenye pesa za kuonyesha.

MwalimuWaBuru

Nakushukuru sana ndugu. Hilo la harambee nitaliweka ukutani ofisini.

Sasa nije Marekani, maana huko ndiko wanafunzi wangu waliumizwa zaidi mwaka jana. Tarehe 27 Mei 2025 balozi zote za Marekani ziliagizwa kusimamisha upangaji wa mahojiano mapya ya viza za wanafunzi. Yalirudi tarehe 18 Juni, na sharti jipya: anayeomba viza ya F, M au J (za masomo, ufundi na mabadilishano) aweke akaunti zake za mitandao ya kijamii wazi kwa umma zikaguliwe. Wiki tatu kwa mtu mzima si kitu. Kwa mtoto ambaye darasa linaanza katikati ya Agosti na ndiyo kwanza amepokea I-20, wiki hizo tatu ndizo zilikuwa safari yenyewe.

Nilikuwa na wawili. Wote wasichana, wote A ya KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, vyuo viwili tofauti. Kila mmoja alikuwa ameshalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za ombi la viza, pesa zisizorudi, karibu shilingi 70,000 kabla hujatia mguu Gigiri.

Chuo cha wa kwanza kilimtumia barua pepe siku mbili baada ya tangazo. Nimeisoma mwenyewe. Ilisema wazi: hatujui litaisha lini, hatukudanganyi, nafasi yako na ufadhili wako vinakungoja hadi Januari na hata Agosti ijayo, usinunue tiketi, na hapa kuna Wakenya wawili wanaosoma hapa walio tayari kuzungumza nawe. Walipofungua mahojiano, wakamfanyia mazoezi ya mahojiano kwa video mara mbili. Alipata nafasi ya kuhojiwa mwisho wa Julai, akapita, akaenda.

Chuo cha pili kilituma ukumbusho wa kulipia bweni.

Huyo wa pili hakuhojiwa kabla ya masomo kuanza. Ni mimi na mama yake tulioandika kuomba nafasi isogezwe Januari. Jibu likaja kwamba nafasi inaweza kusogezwa, ila ufadhili hauhami. Mama yake anafanya kazi ya usafi hospitalini. Bila ufadhili nafasi hiyo ni karatasi tu. Sasa yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu hapa hapa nchini, anafanya vizuri, na bado nina hasira kwa niaba yake.

Halikuwa jambo la vyuo viwili pekee. Takwimu zilizotolewa Novemba 2025 na taasisi ya IIE zilionyesha wanafunzi wapya wa kigeni Marekani walipungua asilimia 17 msimu huo, na asilimia 72 ya vyuo vilivyojibu vilikuwa vinaruhusu kusogeza nafasi hadi Januari. Kuruhusu kusogeza nafasi kumekuwa jambo la kawaida. Swali linalotenganisha chuo na chuo ni ufadhili: unahama na mtoto au unabaki?

Kuhusu mitandao, nawasihi vijana. Fomu ya kuomba viza, DS-160, inauliza majina ya akaunti ulizotumia miaka mitano iliyopita. Nimeona watoto wanafuta akaunti kwa woga, hasa walioandika mambo ya maandamano ya Juni 2024. Akaunti uliyoificha ikipatikana, tatizo lako si tena ulichoandika, ni kwamba umedanganya kwenye fomu ya serikali. Taja zote. Chuo kizuri kitakwambia hivyo hivyo na kukupa mtu wa kuuliza.

MtaaWaSaba_Eastleigh

Mwalimu, asalaam alaykum. Nimesoma kimya tangu juu, sasa niseme.

Mimi nimesoma Nairobi tangu darasa la kwanza. Kiswahili changu, marafiki zangu, kila kitu ni cha hapa. Pasipoti yangu ni ya Somalia. Aprili 2025 nilipata nafasi na ufadhili kamili kwenye chuo kimoja cha Marekani. Tarehe 4 Juni tangazo la serikali ya Marekani likatoka, raia wa nchi 12 wamefungiwa kuingia, Somalia ndani yake. Tarehe 9 likaanza kufanya kazi. Sikunyimwa viza mimi. Nilifungiwa kabla ya kuuliza.

Nataka kusema walichofanya hao wa chuo, kwa sababu ni haki yao kusemwa. Tarehe 10 mkuu wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa alinipigia simu yeye mwenyewe. Hakuniletea barua ya mwanasheria. Aliniambia, "Sina dawa ya hili, lakini nimepiga ili usiisome kwenye habari peke yako." Wakaniwekea ufadhili mwaka mzima. Kila mwezi aliandika, hata kama hakuna jipya, mistari mitatu. Mwezi wa tisa nilipojiunga na chuo cha hapa Nairobi, niliogopa kumwambia, nikidhani nitapoteza nafasi. Akaniomba mtaala wa kozi ninazosoma hapa, akampelekea mkuu wa idara, wakaniandikia ni zipi watazitambua siku njia ikifunguka. Kwa hiyo nasoma hapa nikijua sipotezi muda.

Desemba orodha ikaongezwa badala ya kupunguzwa. Sudan Kusini imefungwa kabisa, Tanzania sehemu, na viza za wanafunzi zimo. Burundi ilikuwa humo tangu Juni. Jirani zetu wote hawa, na wengi wamesoma Nairobi kama mimi.

MwalimuWaBuru

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Huyo mkuu wa ofisi ndiye ninayemtafuta kwenye kila meza ya maonyesho.

Kuna vyuo vyenye uwezo vilivyotafuta mlango wa pembeni. Harvard, serikali ilipojaribu Mei 2025 kukinyang'anya kibali cha kupokea wanafunzi wa kigeni na mahakama ikazuia, shule yake ya Kennedy ilipatana na Chuo Kikuu cha Toronto kwamba wanafunzi watakaoshindwa kurudi Marekani wasomee shule ya Munk kule Kanada. Hong Kong, chuo cha HKUST kiliwakaribisha wazi waliokwama. Hizo ni nguvu za wakubwa. Chuo chako hakikuwa na Toronto, kilikuwa na simu na mtu wa kuipiga, na kimekufikisha mahali.

Na umenifungua macho kwa jambo jingine. Sisi Nairobi tunazungumza kana kwamba ng'ambo ni London na Boston pekee. Kwa kijana wa Mogadishu, Juba au Bujumbura, ng'ambo ni hapa. Vyuo vyetu vilikushika vipi?

MtaaWaSaba_Eastleigh

Kufundisha wanafundisha vizuri, na karo inalipika. Lakini kibali cha mwanafunzi nimekihangaikia mwenyewe Nyayo House, ofisi za uhamiaji, miezi. Hakuna mtu chuoni aliyenipa hata karatasi inayoorodhesha stakabadhi. Nilijifunza foleni kutoka kwa Msudani Kusini aliyenitangulia. Sasa mimi ndiye ninayewaelekeza wapya. Tuko 30 kwenye kundi la WhatsApp na hakuna mfanyakazi wa chuo hata mmoja ndani.

NilikuwaAjenti

Naandika bila jina kwa sababu zinazoeleweka. Nimefanya kazi ya uajenti Nairobi miaka mitano, nimeacha.

Wazazi wengi hawajui kwamba ajenti analipwa na chuo. Ni asilimia ya karo ya mwaka wa kwanza, na hulipwa mtoto akishaandikishwa. Maana yake ni mbili. Kwanza, ajenti anayekudai pesa nyingi "za usajili" anakula huku na huku. Pili, ajenti atakusukuma kwenye chuo kinachomlipa vizuri, hata kama kile cha jirani yake kingekufaa zaidi. Mimi nimefanya hivyo. Kuna watoto niliowapeleka kozi ambazo hazikuwafaa, na wawili nawakumbuka kwa sura hadi leo.

Chuo makini hutaja maajenti wake kwenye tovuti. Mwombe ajenti jina la kampuni lilivyosajiliwa, kisha andikia chuo moja kwa moja uulize kama wanamjua. Siku mbili tatu utakuwa na jibu. Na karo ilipwe kwenye akaunti ya chuo, kamwe si ya ajenti, hata kama anasema atakufanyia wepesi. Mnakumbuka yaliyotokea Uasin Gishu 2023, wazazi walilipia mpango wa kaunti wa kusoma Finland na Kanada na watoto wengi wakabaki nyumbani. Huo ulikuwa mpango wenye muhuri wa serikali ya kaunti. Sasa fikiria kampuni ya vyumba viwili ghorofani.

Kwa Marekani hamhitaji ajenti kabisa. EducationUSA wako hapo ubalozini Gigiri, ushauri ni bure na hawalipwi na chuo chochote.

MwalimuWaBuru

Nakushukuru kwa kusema ukweli mbele ya watu. Naongezea: KenSAP wamekuwa wakiwaandaa vijana werevu wa familia za kipato cha chini tangu 2004, Zawadi Africa wako kwa wasichana, na benki ya Equity ina mpango wake wa viongozi. Hao hawakuachi baada ya barua.

MzeeWaKaloleni

Wanangu, mimi ni mtu wa zamani, niruhusuni kidogo. Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka vyuo vya Marekani, chuo baada ya chuo, akiomba nafasi za vijana wetu, na Septemba ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Vyuo vilitoa nafasi, huku nyumbani wazazi wakachanga, na kule akina Harry Belafonte na Jackie Robinson wakachangisha nauli. Mwaka uliofuata akaenda Wangari Maathai, chuo kidogo cha watawa pale Kansas, si jina ambalo mtu wa hapa angelijua. Marehemu kaka yangu aliomba kundi la pili akakosa, na hadi anafariki aliitunza barua ya chuo iliyomweleza kwa nini. Ilikuwa na sahihi ya mtu kwa wino.

MwalimuWaBuru

Mzee wangu, shikamoo. Barua hiyo kama ipo, tafadhali itunzeni.

KidatoChaNne_Umoja

Mwalimu shikamoo. Nina A- na nimepata nafasi mbili, Kanada na Marekani, na rafiki yangu ananiambia Ujerumani ni bure. Nifanyeje? Nyumbani wanasema niamue mwisho wa mwezi.

MwalimuWaBuru

Marahaba mwanangu, hongera.

Ujerumani kwanza, kwa ufupi. Vyuo vingi vya umma havitozi karo, ni kweli, ila Baden-Württemberg wanatoza euro 1,500 kwa muhula wageni wa nje ya Ulaya. Lakini viza inataka uonyeshe pesa za kujikimu, kwa kawaida kwenye akaunti iliyofungwa, euro 11,904 kwa mwaka. Na KCSE peke yake mara nyingi haikuingizi moja kwa moja. Utahitaji mwaka wa maandalizi, Studienkolleg, au uwe umesoma chuo hapa kwanza. DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, wana ofisi Nairobi, waulize wao, si rafiki yako.

Kanada waliweka kikomo cha vibali vya masomo Januari 2024, na pesa za kujikimu za kuonyesha zilitoka dola za Kanada 10,000, zikawa 20,635, na tangu Septemba 2025 ni 22,895, mbali na karo na nauli. Kwa shahada ya kwanza bado unahitaji barua ya mkoa. Uliza chuo: barua hiyo wananipa lini, na kabla au baada ya kulipa? Wakisema baada, uliza nikinyimwa kibali narudishiwa kiasi gani, kwa siku ngapi. Wakuandikie. Usikubali jibu la simu.

Marekani kwako ni la ufadhili. Waandikie leo, maneno yako mwenyewe, usinakili ya mtu. Sema: nikichelewa kuhojiwa, nafasi yangu inasogea hadi lini, na ufadhili unasogea nayo? Ni nani nitakayemwandikia, kwa jina? Kuna Mkenya anayesoma hapo ninayeweza kuzungumza naye? Mnafanya mazoezi ya mahojiano?

Kisha hesabu siku. Usiangalie tu wamejibu nini, angalia kama aliyejibu amelisoma swali lako.

BabaWawili_Kasarani

Mwalimu, taarifa fupi. Tuliandika kama ndugu wa Manchester alivyosema. Sababu imekuja: walidhani kijana amerudia kozi aliyokwisha kusoma, kumbe diploma yake ina jina linalofanana na shahada anayoomba. Wametuambia atume orodha ya masomo ya diploma na barua ya kueleza tofauti, watalifungua faili upya kwa Januari. Mstari mmoja ule ungetumalizia safari.

NipoManchester

Afadhali. Barua ya kueleza tofauti aiandike yeye, ukurasa mmoja, aonyeshe masomo matatu ambayo hayakuwa kwenye diploma. Akiitaka jicho la pili, niko hapa.

KidatoChaNne_Umoja

Mwalimu, wa Marekani wamejibu baada ya siku mbili. Ana jina na cheo chake. Amesema ufadhili unahama nami hadi Agosti ya mwaka ujao, na ameniunganisha na dada mmoja wa Kisii anayesoma mwaka wa pili. Wa Kanada wamenitumia kiungo cha ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara.

MwalimuWaBuru

Barua pepe hiyo ya Marekani usiifute. Ichape nakala mbili: moja iweke kwenye faili lako pamoja na I-20 ikifika, nyingine mpe mama aitunze na cheti chako cha kuzaliwa. Wa Kanada waandikie mara moja zaidi, kwa upole, uwape hadi Ijumaa. Na zungumza na huyo dada wa Kisii leo jioni, ukijua saa za kule ziko nyuma yetu. Muulize alipokwama ni nani alimjibu.